Deni la Asmini

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote.



Mfunguo Mosi umeingia, na kama ilivyo ada ya pwani yetu, Idi ikishapita milango ya harusi hufunguka. Katika majuma haya mawili wazazi wanne wametujia baada ya swala ya Alasiri, na wote wanne, baada ya kuzungukazunguka maneno, wamefikia jambo moja. Mchumba amepatikana, mahari yamekubaliwa bila matata, siku imepangwa. Kinachowanyima usingizi ni mapambo. Mmoja wao alitutolea karatasi ya mpambaji, tukaisoma pamoja mstari kwa mstari: jukwaa, mapazia, taa, vifuniko vya viti, maua yasiyonyauka kwa kuwa hayakupata kuishi. Jumla yake ilipita mahari ya binti mwenyewe. "Maalim," akatuuliza, "nifanyeje?"

Tulimjibu yale tuliyojaaliwa. Lakini tulipofika nyumbani tuliona jibu letu halikutimia, kwa sababu tulimficha jambo. Tulizungumza naye kama mtu aliyeyasoma haya vitabuni, ilhali tumeyapitia kwa miguu yetu. Leo tunamjibu yeye na wenziwe kwa urefu, na tutaanza na kosa letu.

Mwaka 2015 tulimwoza binti yetu mkubwa. Miezi miwili kabla ya hapo tulikuwa tumepanda mimbari tukawaonya watu juu ya israfu, na hotuba ile ilisifiwa hata vibarazani. Kisha harusi ikatufikia mlangoni kwetu, na tukawaogopa watu. Hatuna neno jingine la kulieleza jambo hilo. Jamaa za bwana harusi walikuwa watu wenye uwezo, nasi tulichelea kusemwa kwamba Maalim ni bahili, kwamba binti yake ameozwa kama asiye na mtu. Tukakodi ukumbi. Mpambaji akaja na vitambaa vyake vya rangi, tukachagua dhahabu na nyeupe ya maziwa. Mapambo peke yake yaligharimu shilingi 120,000. Sisi tulikuwa na 40,000. Zile 80,000 zilizobaki tulizikopa kwa rafiki yetu mwenye duka, naye alitupa bila ya kuandikishana, kwa kukiamini kilemba chetu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu ni ya kuandikishana deni, na sisi ndio tunaowasomesha watu aya hiyo.

Deni lile lilichukua karibu miaka minne. Katika muda huo tulijifunza vichochoro vya Mji wa Kale ambavyo hatukuwa na haja navyo, ili tusipite mbele ya duka lake. Kuna miezi tuliyokuwa tukiswali Magharibi katika msikiti wa mbali, tukiwaambia watu kwamba tunatafuta thawabu za hatua nyingi. Rafiki yule hakutupigia kelele hata siku moja. Akikutana nasi alitutolea salamu kisha akainamisha macho yeye, kana kwamba ndiye anayedaiwa. Mara chache alikuja kubisha hodi nyumbani. Na tulifanya jambo ambalo mpaka leo tukilikumbuka tunatamani ardhi itumeze: tulimtuma binti yetu mdogo, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, aende mlangoni aseme kwamba baba hayupo.

Liko na la pili la siku ile ya harusi, ambalo hatukulipa uzito mpaka wakati ulipokuwa umeshapita. Mama yetu mzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na mti wa asmini uani, alioupanda tangu alipoletwa nyumba hiyo naye ni bibi harusi. Kwa miaka mingi hapakuwa na binti wa mtaa wetu aliyepambwa bila ya asmini za mti ule. Basi siku hiyo alichuma, akatunga makoja mawili marefu ya kuning'inizwa nyuma ya kiti cha mjukuu wake, akayatia katika kikapu, akaja nayo ukumbini kabla ya wageni. Mpambaji akamwambia, kwa adabu, kwamba makoja yale hayaoani na rangi zilizochaguliwa, na kwamba yatakitia madoa kitambaa. Sisi tulikuwa mlangoni tukisimamia kuingizwa kwa viti, tukaitwa tuamue. Tukasema, "Mama, leo tuwaachie wenyewe kazi yao."

Hakujibu. Aliyarudisha makoja kikapuni, akayafunika kwa leso, akaenda kuketi miongoni mwa wageni. Usiku tuliporudi tulikuta chumba chake kimejaa harufu. Asmini hutungwa zikiwa bado zimefumba, nazo hufunguka baada ya jua kutua. Zote zilikuwa zimechanua ndani ya kikapu.

Mwisho wa mwaka 2023 yule mdogo naye akaposwa. Tulipokaa naye kupanga, alitupa neno lake kabla hatujasema letu: "Baba, mimi sitaki ukumbi. Nataka uani kwetu, na mapambo tutayafanya wenyewe."

Msomaji atadhani tulifurahi. Hatukufurahi. Hofu ile ile iliyotuingiza katika deni ilirudi, na mara hii ilivaa nguo ya uadilifu. Tukamwambia kwamba haifai mtoto mmoja kupewa ukumbi na mwengine kupewa ua. Watu watasema tumempendelea dada yake. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Baba, mwenye kwenda mlangoni nilikuwa mimi."

Hatukuwa na la kuongeza. Mama watoto aliinuka akaleta kahawa, na binti yetu akafungua daftari lake.

Katika daftari lile alikuwa ameandika kila kitu atakacho, nani atakifanya na lini kianze. Tunaupendekeza mpango huu kwa kila nyumba, kwani kazi ya mikono ikiachwa mpaka juma la harusi huwa adhabu, na watu huishia kukimbilia kwa mpambaji kwa bei ya dharura. Harusi ilipangwa Mfunguo Mosi wa 2024. Kazi ilianza miezi mitano kabla.

La kwanza lilikuwa mikeka. Shangazi yake aishiye Msambweni ni msukaji, na ukindu hukaushwa juani mpaka ukawa mweupe, kisha ukachanwa, sehemu yake ikachemshwa na rangi, ndipo zikasukwa kili ndefu na kushonwa pamoja. Alisuka mikeka sita mipana. Hiyo ndiyo iliyokuwa viti vya wageni wengi, na miwili iliyo mizuri zaidi ilitundikwa ukutani nyuma ya kiti cha bibi harusi mahali pa pazia la kukodi. La pili lilikuwa kofia. Bwana harusi alivaa kofia iliyotobolewa na kushonwa kwa sindano na mkewe mwenyewe, jioni baada ya jioni kwa miezi yote mitano. Na mwenye kuijua kazi ya kofia anajua kwamba muda huo si mrefu. Sisi tulipewa kalamu ya mwanzi tuandike majina ya wageni juu ya kadi, majina 140, kwa hati ya madrasa. Mkono ulituuma. Lakini tulipoandika jina la kila mtu tulilazimika kumkumbuka, na wawili miongoni mwao tuliwakumbuka kwamba tumekosana nao, tukaenda kuwaita kwa miguu badala ya kuwapelekea kadi.

Wanafunzi wa madrasa walikata karatasi za rangi, wakizikunja mara nne na kuzitoboa kwa mkasi kwa mifano ya nyota na maua yaliyochongwa katika milango ya kale, kisha wakazigandisha juu ya kamba za katani. Hapa pana tanbihi muhimu. Watoto walileta pia kurasa za madaftari yao ya zamani. Tulizikagua moja moja, kwa kuwa madaftari ya madrasa huwa na aya na majina ya Mwenyezi Mungu, nayo si ya kuning'inizwa yakaja yakaanguka na kukanyagwa. Yaliyokuwa na aya tuliyaweka kando kwa heshima yake.

Vijana walivuka Likoni wakarudi kwenye kivuko na mkokoteni wa makuti mabichi, wakayafunga katika nguzo mbili za mlango na kuyasuka juu yakawa tao. Chupa tupu za jemu zilikusanywa mtaani, zikaoshwa, zikatiwa mchanga wa pwani kidogo chini ili zisipinduke, na mshumaa mmoja juu ya mchanga. Mama watoto na dada zake walipika udi nyumbani, vipande vya udi kwa sukari na marashi, ukakaa katika mkebe mwezi mzima ili harufu ikomae. Na dari ya ua ilikuwa bafta nyeupe, mita 40, iliyofungwa kutoka ukuta hadi ukuta.

Tunataja hesabu, kwa kuwa mzazi mwenye dhiki hasaidiwi na maneno matupu. Bafta ilikuwa shilingi 4,800. Ukindu na rangi, 2,600. Karatasi, gundi na kamba, 1,150. Mishumaa na vitaa vidogo vya umeme, 2,000. Vya kupikia udi pamoja na mkaa wa chetezo, 1,800. Asmini na mkadi wa kuongezea, kutoka kwa wauzaji wa vikuba, 1,200. Usafiri wa makuti, 800. Jumla ni shilingi 14,350, na zote zilikuwepo mfukoni kabla ya kutumika. Nguvu za watu hatukuzihesabu, nazo ndizo zilizokuwa nyingi.

Lakini msomaji asidhani kila kitu kilikwenda kama kilivyoandikwa daftarini. Siku ya harusi, mara baada ya Alfajiri, ikanyesha mvua ya masika. Vijana walikuwa wametundika karatasi usiku kwa pupa, chini ya bafta. Tulipotoka kutazama, rangi nyekundu na ya kijani ilikuwa imechuruzika, karatasi zimeanguka zikawa kama uji, na bafta imepata madoa upande mmoja wote. Kazi ya watoto ya majuma matatu iliondoka kwa saa moja. Mama watoto aliketi juu ya kizingiti akalia. Sisi, tukiwa na elimu yetu yote ya subira, tulianza kutafuta namba ya mpambaji.

Kabla hatujaipata, aliingia jirani yetu wa nyumba ya mkabala, bibi mkongwe ambaye kwa kawaida hatoki kabla ya jua kupanda. Alikuwa amekumbatia kisutu, chekundu na cheusi na cheupe, alichofungwa siku ya harusi yake mwenyewe. Kilikuwa kimehifadhiwa sandukuni pamoja na karafuu. Akasema, "Tundikeni hiki pahali pa lile doa." Hakusema zaidi. Mjukuu wake akakimbia nyumba ya pili, na wa nyumba ya pili akakimbia ya tatu. Kabla ya Adhuhuri wanawake wa kichochoro kizima walikuwa wamefungua masanduku yao. Zilitundikwa leso 62. Tunaijua idadi kwa sababu kila moja ilibidi irudi kwa mwenyewe, na binti yetu mkubwa alizibandika kwa pini vipande vya karatasi vyenye majina. Palikuwa na kisutu cha bibi huyo, palikuwa na leso mpya zenye harufu ya duka, palikuwa na moja ya mama yetu marehemu ambayo hatukujua kwamba mama watoto ameiweka.

Leso, kama tujuavyo, husema. Mama watoto alipita akizisoma majina yake moja baada ya moja, na akakuta nyuma ya kiti cha bibi harusi pametundikwa leso ya kijembe, ya kumsuta mke mwenza. Ilihamishwa upesi ikapelekwa karibu na jiko, na kicheko kilichozuka hapo ndicho kilichokausha machozi ya asubuhi.

Tulipokuwa tumesimama pale tuliikumbuka walima ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomwoa Bibi Safiyya katika mwaka wa saba wa Hijra, njiani kurudi kutoka Khaybar. Walikuwa safarini na hapakuwa na nyama wala mkate. Ilitandikwa ngozi chini, Mtume akataka kila aliye na kitu akilete. Huyu akaleta tende, huyu samli, huyu jibini kavu, vikachanganywa, watu wakala. Tumeisomesha habari hii kwa miaka zaidi ya ishirini kama ushahidi wa urahisi wa walima. Siku ile tuliiona kwa upande mwengine. Kila sahaba aliyeleta tende zake alikuwa na sehemu katika furaha ile, hakuwa mtazamaji. Mapambo ya kukodi hufika kwa gari na kuondoka kwa gari, na mgeni huyapiga picha kisha akaenda zake. Lakini mwanamke ambaye leso yake imetundikwa nyuma ya bibi harusi ana neno katika ndoa ile. Ataiombea dua, na ikitikisika ataona haya kukaa kimya.

Baada ya Alasiri wanawake waliketi uani kutunga asmini za mti wa mama yetu. Tutaeleza namna yake kwa vijana wasiojua. Huchumwa jioni zile zilizojaa na kuwa nyeupe lakini bado zimefumba. Zenye ukijani hazitafunguka na zilizokwisha kufunguka zitanyauka. Hupitishwa sindano nyembamba yenye uzi wa pamba, na kila zikifika urefu wa mkono hulazwa juu ya kitambaa kibichi ili zisipate joto. Za vikuba hufungwa pamoja na rehani, vipande vya mkadi na kipeto cha waridi, kila mgeni akapachikwa chake anapoingia.

Sisi tulikuwa upande wa pili wa mkeka uliotundikwa, tukipanga sinia za halua na dele za kahawa za kupelekwa msikitini kwa nikaha. Tukamsikia binti yetu mkubwa, aliyekuwa amekuja na wanawe kutoka Malindi, akimwambia mama mdogo wake: "Kila anayeingia anasema harusi hii ina baraka. Kwani yangu haikuwa nayo?"

Hakukasirika. Aliuliza kama mtu aulizaye saa. Mikono yetu ilisimama juu ya sinia. Tulikuwa tumekwishasema maneno hayo ya baraka mara kadhaa siku ile, kwa sauti kubwa, mbele yake, bila ya kufikiri kwamba kila sifa ya harusi hii ilikuwa ni lawama juu ya yake. Tungaliweza kumjibu kwa elimu. Tulibisha hodi, wanawake wakajifunika, tukapita tukaketi karibu naye, na tukamwambia mbele ya wenziwe: "Mwanangu, wewe hukuomba ukumbi. Hofu ilikuwa yetu, tukakuvisha wewe tukaiita zawadi. Baraka haikupungua kwa upande wako. Tusamehe."

Aliendelea kutunga kwa muda. Kisha akasema, "Mimi hata rangi za mapazia yale sizikumbuki tena, Baba. Nakumbuka kikapu cha nyanya."

Koja alilokuwa nalo mkononi lilikuwa la pima mbili, na kando yake lilikuwepo jingine la kipimo hicho hicho. Hatukumwuliza kwa nini. Mama watoto alitusimulia usiku, kwa kuwa yanayopita katika kupamba ni ya wanawake nasi hayatuhusu, kwamba makoja hayo mawili yalitundikwa nyuma ya kiti. Na kwamba kabla ya wageni kuingia, bibi harusi alimshika dada yake mkono akamkalisha kitini pake, chini ya asmini, wakakaa hivyo kitambo. Hawakupiga picha. Walipoinuka wageni wakaitwa, na ilipofika Isha zilikuwa zimefunguka zote.

Sasa turudi kwa yule mzazi aliyetuletea karatasi, na kwa wenziwe. Tunawapa nasaha hizi kwa ufupi.

Furaha ya ndoa si haramu, na kupamba si israfu kwa jina lake tu. Mtume ametutaka ndoa itangazwe, na dufu lipigwe. Kilichokemewa ni kuvuka mpaka na kutafuta kuonekana. Na mtu aweza kuvuka mpaka kwa vitu vya mkono pia. Tumeshaona nyumba zikishindana kwa udogo wa gharama kama wengine wanavyoshindana kwa ukubwa wake; hayo nayo ni maradhi, ila yamevaa kanzu.

Anza mapema, na umpe kila mtu kazi anayoiweza, hata watoto, hata wagonjwa walio kitandani. Asiyeweza kusuka anaweza kukunja karatasi. Asiyeweza kukunja anaweza kuchagua waridi. Lakini usimnyime fundi haki yake kwa kisingizio cha udugu. Shangazi wa Msambweni tulimlipa mikeka yake kando, mbali na hesabu tuliyoitaja, kwa kuwa ndiyo riziki yake; alikataa, tukamshikiza mkononi.

Tundika karatasi mchana wa siku yenyewe, wala si usiku wa kuamkia, hasa wakati wa masika. Weka daftari la vitu vya watu, kwani leso isiyorudi huvunja ujirani. Na kitambaa usikitupe. Sehemu ya bafta iliyopata madoa ilikatwa ikawa foronya na matandiko ya nyumba mpya. Iliyosalimika ilipelekwa msikitini ikawekwa akiba ya sanda. Walikuwepo walioona si fali njema. Sisi tuliona kwamba kitambaa kilichofunika furaha ya watu kinastahiki pia kuwasitiri.

Wala tusisahau jihazi ya Bibi Fatima, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Katika alivyopewa na baba yake kulikuwa na mto wa ngozi uliojazwa nyuzi za mtende. Binti wa Mtume alilaza kichwa chake juu ya kitu kilichojazwa kwa mkono, na hakuna aliyesema kwamba ameozwa kama asiye na mtu.

La mwisho ni la deni. Ikiwa huna, sema huna, na useme mapema. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akisita kumswalia maiti mwenye deni lisilo na wa kulilipa. Mapambo ya usiku mmoja hayafai kumfuata mtu mpaka hapo.

Deni letu la shilingi tulilimaliza mwaka 2019. Rafiki yetu alituandalia kahawa dukani siku hiyo, nasi tukamwomba radhi kwa vichochoro vyote, na kwa mtoto tuliyemsimamisha mlangoni. Mtoto mwenyewe tulimwomba radhi miaka minne baadaye, usiku ule wa daftari. Mama yetu alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka 2018. Deni la asmini halina tena wa kulipokea. Wanachuoni wametufundisha kwamba mzazi aliyeondoka hulipwa kwa dua, kwa sadaka na kwa kuwaunga aliowapenda, nasi tunajaribu. Asmini huota kwa tawi, likikatwa chini ya fundo na kuwekwa kivulini katika udongo wa maji maji. Binti wote wawili wana tawi la mti ule sasa, mmoja Malindi na mwengine nyumbani kwa mumewe. Na mwaka huu, atakayemwoza binti yake katika mtaa wetu, na asiwe na asmini, aje uani kwetu baada ya Alasiri. Kikapu kipo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awabarikie maarusi wetu wote wa mwezi huu, awakusanye katika kheri, na azisitiri nyumba za wazazi wao. Wabillahi tawfiq.